Nightcap ya zamani isiyo na moshi: imeoza, imekomaa au imekauka?

Swali: "Mtaalamu, marehemu mjomba aliniachia mkebe wa duara wa gramu 50 wa tumbaku ya kiko, Dunhill Nightcap, ambao haukuwahi kufunguliwa. Aliyenisaidia kuutambua anasema ni wa miaka ya 1980 au 1990, wakati ikitengenezwa Belfast. Nilipobenua mfuniko kwa sarafu, hewa iliingia kwa mlio. Nilitegemea harufu kali ya moshi kama ya Nightcap mpya ninayoijua, lakini nilipokewa na siki, halafu ngozi na zabibu kavu. Juu ya majani palikuwa na chembe nyeupe. Niliurudishia mfuniko wake nikauweka kabatini. Wiki tatu baadaye nimejaza kiko: tumbaku inavunjika vidoleni, imewaka upesi, haina ladha ya maana, imenichoma ulimi na kichwa kikazunguka. Rafiki mmoja anasema tumbaku kadiri inavyozeeka ndivyo inavyokuwa bora, kwa hiyo kosa ni langu. Mwingine anasema imeoza, ila naweza kuiokoa kwa kuinyunyizia ramu na kuiwekea kipande cha tofaa. Nimwamini nani? Na ule moshi umekwenda wapi?"

Jibu: Pole kwa kuondokewa na mjomba, na pole kwa ulimi.

Umefunga mambo matatu kitita kimoja, ndiyo maana rafiki zako wanavutana. Kuna siki na chembe nyeupe, unazohofia kuwa dalili za kuoza. Kuna moshi uliopungua, na hiyo ni kazi ya miaka. Halafu kuna kiko kilichowaka upesi, kikachoma, kikakosa ladha, na hiyo ni kazi ya wiki tatu za kabatini. Kila moja lina chanzo chake, na dawa ya moja inaweza kuliharibu jingine. Kwa dalili ulizotaja, siku ulipofungua mkebe tumbaku ilikuwa nzima. Moshi hautarudi kama ulivyokuwa. Unyevu unaweza kurudi, na ukirudishwa kwa utaratibu utaonja sehemu kubwa ya kile kilichokuwa kimehifadhiwa mle.

Ule mlio wa hewa ndio ushahidi bora ulio nao. Mikebe hii hufungwa baada ya kunyonywa hewa, na mfuniko hushikiliwa na mgandamizo wa hewa ya nje. Kutu ikitoboa tundu hata la ncha ya sindano, hewa huingia, mfuniko hulegea, na tumbaku hukauka kimyakimya kwa miaka mingi mpaka inakuwa kama makapi. Wako ulinyonya hewa, basi ulikuwa umefunga. Angalia tu chini na kwenye ukingo wa ndani: kutu iliyogusa majani huacha alama ya rangi ya chungwa na ladha ya chuma, na majani ya sehemu hiyo yatupwe.

Siki nayo isikutishe. Tumbaku iliyofungwa muda mrefu hutoa asidi nyepesi, asidi ya siki ikiwa mojawapo, na kwa kuwa ndani ya mkebe haina pa kwenda, yote hukupiga puani mara moja mfuniko unapofunguka. Virginia yenye sukari nyingi na Perique, aina mbili za majani zilizomo katika tumbaku yako, ndizo zinazoongoza kwa jambo hili. Ukiacha mkebe wazi kwa saa moja, harufu hiyo huondoka yenyewe na nyingine hujitokeza nyuma yake, na ndivyo ilivyokutokea: siki kwanza, halafu ngozi na zabibu. Harufu ya tumbaku iliyooza ni tofauti kabisa. Ni uvundo wa chumba chenye unyevu, wa karatasi zilizolowa na kusahauliwa, na hauondoki kwa kupunga hewa.

Chembe nyeupe zinahitaji uangalifu zaidi, maana hapa watu wengi hujidanganya. Wapenzi wa tumbaku ya zamani husifu sana chembe zinazometa juu ya majani wakisema ni sukari iliyotoka kwa sababu ya kukomaa. Kuna chembe za namna hiyo kweli, za sukari au chumvi za jani lenyewe. Ila baadhi ya zinazosifiwa zikiwekwa chini ya hadubini huonekana ni ukungu. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 na taa, usogeze mwanga kutoka ubavuni. Chembe za fuwele zina pembe, humeta ukigeuza jani, na zimelala juu ya jani hilohilo. Ukungu haumeti, una manyoya, na mara nyingi hutanda nyuzi nyembamba kutoka jani moja hadi jingine kama utando wa buibui. Kisha dondoshea chembe tone moja la maji safi: fuwele za sukari huyeyuka mbele ya macho yako, ukungu hulala tu na kubaki. Ukiona nyuzi hata mahali pamoja, usichague majani "mazuri" ukabakiza; mbegu za ukungu zimeshaenea pote, na sumu ambazo baadhi ya ukungu hutengeneza huwezi kutegemea kuwa moto wa kiko utazimaliza. Tupa yote, uoshe na mkebe. Kwa upande wako, kwa kuwa chembe zilikuwapo siku ya kwanza kabisa, ndani ya mkebe uliofunga wenye oksijeni kidogo na asidi ya kutosha kunusika, mizani inaegemea upande wa fuwele. Hata hivyo pima, usiniamini mimi nisiyeiona.

Sasa moshi. Ili ujue umekwenda wapi, lazima uijue tumbaku yenyewe, kwa sababu Nightcap si jani moja. Ni Latakia, Virginia, majani ya Mashariki na Perique kidogo, na miaka haiyatendei majani hayo sawa. Kosa la rafiki yako wa kwanza liko hapo. Anazungumza kana kwamba umri ni kitu kinachoongezwa mkebeni, na ilhali mkebe umefungwa, hakuna kinachoingia. Umri unafanyia kazi kile tu kila jani lilichokuja nacho: penye sukari kuna kazi nyingi, penye moshi kuna kupungua, na mahali pengine hakuna la kufanya.

Virginia ndiyo inayobadilika zaidi. Hukaushwa katika banda lililofungwa, joto likianzia kama nyuzi 35 za Selsiasi jani ligeuke manjano, kisha likipandishwa taratibu hadi zaidi ya nyuzi 70 ili mshipa wa kati ukauke. Kazi yote huchukua takribani wiki moja. Katika hatua ya manjano wanga wa jani hugeuka sukari, halafu joto huliua jani kabla halijaila sukari hiyo. Burley, aina nyingine ya tumbaku, kwa kulinganisha, huning'inizwa hewani kwa wiki nyingi. Jani linaendelea kupumua na kuteketeza sukari yake lenyewe, kwa hiyo hufika mkebeni likiwa karibu halina. Ndiyo sababu mkebe wa Burley tupu ukikaa miaka 20 utafunguka ukiwa karibu ni uleule, na wa Virginia utakuwa umegeuka. Ile sukari, ikikaa na asidi amino za jani, hufanya polepole kazi ileile inayoupa mkate rangi ya kahawia tanurini, ila hapa hakuna tanuri, kuna miaka. Manjano huwa kahawia, kahawia huelekea nyeusi. Ukali wa nyasi na limau, unaowasumbua wengi kwenye Virginia changa, hutulia. Mahali pake huja matunda makavu, asali nzito, ganda la mkate. Wakati huohuo asidi na alkoholi chache zilizomo huungana na kutengeneza esta, na hizo ndizo zinazonukia matunda. Zabibu zako kavu zimetoka hapo.

Perique ilishafanyiwa mengi kabla ya kuingia mkebeni. Hutoka parokia ya St. James, Louisiana, Marekani, ambako majani huvundikwa ndani ya mapipa ya mwaloni chini ya shinikizo la parafujo kwa mwaka hivi, yakizama katika maji yao wenyewe, yakitolewa na kupinduliwa mara chache katika muda huo kisha kushinikizwa upya. Ikiwa changa katika mchanganyiko huuma pua kama pilipili manga. Ikikaa miaka na Virginia, pilipili inarudi nyuma na matunda yaliyochachuka yanabaki: plamu, tini, na kiuchachu ambacho wengine huita cha divai. Inatiwa kidogo, lakini asidi yake huenea kote, na siki uliyoinusa ina mkono wake humo.

Majani ya Mashariki, yale madogo yaliyokaushwa juani ya Uturuki na Ugiriki, huchelewa kubadilika. Utomvu wake una aina ya sukari iliyofungamana na asidi zinazonuka jibini na maziwa yaliyochacha. Kwa miaka asidi hizo hujiachia kidogo kidogo, na ndizo zinazokaza utamu wa Virginia usiwe wa kuchosha. Mtu akikuambia tumbaku ya zamani ina "ngozi" au "kabati la mbao za kunukia", mara nyingi anazungumzia jani hili likikutana na Latakia iliyolegea.

Na Latakia ndiyo yenye moshi wako. Jina limetoka kwenye bandari ya Latakia, Syria, ingawa katika karne ya 20 uzalishaji wake ulienea Kupro, na inayotumika leo ni ya Kupro. Jani hukaushwa kwanza juani, kisha huning'inizwa ndani ya nyumba iliyofungwa juu ya moto usiowaka kwa ndimi, wa kuni na vichaka vyenye utomvu na marashi kama misonobari na mihadasi, mpaka linakuwa jeusi. Harufu yake, basi, haikuzaliwa na jani. Imepakwa kutoka nje: ni fenoli na jamaa zake, zilizotoka kwenye mbao zilipokuwa zikiungua, zikatua juu ya jani na kunywewa nalo. Kitu kilichopakwa hakina ghala la kujaza upya. Virginia ina sukari ya kuendelea kugeuza kwa miaka 30. Latakia ina kiasi kilekile cha moshi ilichoingia nacho, na kiasi hicho tangu siku ya kwanza kinaelekea upande mmoja tu. Sehemu yake nyepesi inahamia kwenye majani ya jirani, sehemu inageuka au kushikamana na vitu vingine vya jani isiweze tena kupaa hadi puani. Ndiyo maana tumbaku changa ya Latakia hunusika kama majani manne yaliyokaa chumba kimoja bila kusalimiana, na ya miaka 30 hunusika kama kitu kimoja, cha chini, chenye ubani kuliko moto wa kuni.

Kwa hiyo, je, imekuwa bora? Imekuwa nyingine. Kwa maoni yangu mchanganyiko wenye Latakia nyingi hupendeza zaidi ukiwa na miaka kati ya 5 na 10: makali yameshuka, moto bado upo. Ukivuka 20, anayeipenda Nightcap kwa sababu ya moshi atajiona ameibiwa, na anayependa Virginia iliyokomaa atafurahi kupita kiasi. Wote wawili wanasema kweli juu ya mkebe uleule. Tumbaku zilizopakwa vanila na manukato mengine ndizo zisizofaidika kabisa, kwani manukato huchakaa na kuacha nyuma jani lililochaguliwa kwa upole wake tu.

Kuna sababu ya pili inayofanya ulinganisho wako na Nightcap mpya usiwe wa haki. Alfred Dunhill alifungua duka lake la tumbaku Duke Street, London, mwaka 1907, lakini mikono iliyotengeneza michanganyiko yake imebadilika: mwaka 1981 kazi ilihamia kwa Murray's wa Belfast, baadaye ikapelekwa Denmark, na tangu 2019 Nightcap inauzwa kwa chapa ya Peterson. Mapishi yakiwa yaleyale kwenye karatasi, jani la kila mwaka na mashine za kila kiwanda haziwezi kuwa zilezile. Unapoweka mkebe wa Belfast kando ya mpya, unapima umri na kiwanda kwa pamoja, na pua peke yake haiwezi kuvitenganisha. Halafu kuna uvumi kwamba kila mkebe wa zamani wa Kiingereza una Latakia ya Syria. Si kweli. Ya Syria ni kavu zaidi, yenye uchachu wa divai na moshi mwembamba. Ya Kupro ni nzito, tamu, yenye lami na ngozi. Usiijenge ladha kichwani kabla hujaionja mdomoni.

Tuje kwenye wiki tatu za kabatini, maana hapo ndipo penye madhara. Mfuniko wa mkebe huu ukishatolewa haufungi tena, unafunika tu. Tumbaku hutoka kiwandani ikiwa na unyevu wa asilimia 16 hadi 20 hivi, na huvutika vizuri ikiwa na 12 hadi 14. Inayovunjika vidoleni imeshuka chini ya 8. Sehemu kubwa ya ladha ya kiko haitoki kwenye jani linaloungua. Hutoka kwenye jani lililo chini tu ya kaa, ambalo linapashwa joto mpaka mafuta yake yanapaa pamoja na moshi bila kuteketea. Maji yaliyomo humeza joto na kulizuia kaa lisishuke mbio. Yakikosekana, kaa hushuka kabla mafuta hayajapaa, yanaungua, na unachopata ni joto na majivu. Ulimi wako umechomwa na hilo. Tumbaku iliyolowa mno nayo huchoma, kwa mvuke.

Ramu na tofaa viache. Tofaa huleta maji kwa fujo, pamoja na sukari mbichi na mbegu za ukungu, mahali pamoja pa jani, na ukungu unatafuta hasa doa lenye unyevu unaozidi asilimia 20 karibu na chakula kibichi. Ramu ikinyunyizwa, alkoholi inapopaa huchukua pamoja nayo harufu nyepesi zilizobaki, na ladha yake inafunika kile ulichotaka kukionja. Viwandani hutiwa vinywaji na sukari, ni kweli, lakini kwa vipimo.

Fanya hivi. Kama una mizani ya kupima sehemu za gramu, pima gramu 10 tu. Nyingine zifunge kwenye chupa ya kioo sasa hivi, zikiwa kavu hivyohivyo. Tumbaku kavu haiozi, inaweza kusubiri, na ukikosea utakuwa umekosea kwa gramu 10. Tandaza hizo 10 kwenye bakuli pana la kioo au kauri lisilo na harufu, zisizidi unene wa kidole. Lowesha kitambaa safi kisichofuliwa kwa sabuni ya manukato kwa maji yaliyochujwa au yaliyochemshwa yakapoa, kikamue mpaka hakidondoshi hata tone, kikaze juu ya mdomo wa bakuli kisiguse majani. Kila nusu saa funua, geuza majani taratibu kwa vidole, pima. Jani lenye unyevu wa asilimia 7 lina gramu 9.3 za kitu kikavu katika kila gramu 10, na ili lifike asilimia 13 linahitaji kuwa na uzito wa gramu 10.7. Zikifika hapo, acha. Mara nyingi ni saa moja hadi tatu. Bila mizani, bana vidole: majani yaungane kidogo kisha yafunguke yenyewe polepole. Yakibaki donge, umepitiliza. Yaache wazi nusu saa. Yakilia na kuvunjika, bado.

Usijaze kiko siku hiyo. Nje ya jani limeshanywa maji na ndani bado. Liweke kwenye chupa ndogo iliyojaa, ifungwe kwa siku mbili unyevu usambae. Watu wengi huruka hatua hii, kisha husema kurudisha unyevu hakusaidii.

Ninalopaswa kukuambia bila kuficha: maji yanarudi, harufu nyepesi hazirudi. Zile zilizokuwa juu kabisa siku ya kwanza, ile esta ya matunda hasa, sehemu yake imeondoka na hewa ya kabati. Zilizo nzito, ngozi, ubani, sukari iliyoiva, huwa zimebaki. Sidhani umepoteza mkebe. Umepoteza sauti yake ya juu.

Kwa kuonja, usitumie kiko chako cha siku zote kama huvuta ndani yake tumbaku za vanila. Mbao hukumbuka, na kiko kimoja chenye kumbukumbu kitakudanganya kuhusu mkebe mzima. Kiko cha gunzi la mahindi au cha udongo kinafaa zaidi. Jaza bori, yaani sehemu ya kutilia tumbaku, kwa mikupuo mitatu: ya kwanza idondoke tu yenyewe, ya pili ibonyezwe kidogo, ya tatu ikazwe mpaka uso unarudi ukiubonyeza. Vuta kabla ya kuwasha. Hewa ipite kama kwenye mrija wenye ukinzani kidogo. Ladha ya mvuto huo wa baridi ndiyo itakayokuambia zaidi juu ya Virginia na Perique. Washa, acha uso uungue na kuinuka, ubonyeze kwa uzito wa kidole tu, washa tena. Kisha mivuto miwili au mitatu kwa dakika inatosha. Kiko kikizimika, washa tena. Kuzimika si kosa, kukifukuzia ndiko kosa. Moshi usiumeze. Ukitaka kusikia Latakia na majani ya Mashariki, sukuma kiasi kidogo cha moshi wa mdomoni utokee puani bila kupita mapafuni, kwa sababu ulimi unajua utamu, uchachu, uchungu, chumvi na ladha ya mchuzi wa nyama (umami), harufu zote ni za pua. Theluthi ya kwanza ya bori itakuwa ya utamu na uchachu, ya kati ndiyo yenye ngozi na ubani. Ya mwisho huwa nzito na ya unyevu, na hakuna sheria inayokulazimisha uimalize.

Ukionja bado ukautamani moshi, upo ujanja halali: changanya gramu 9 za hii na gramu 1 ya Latakia tupu mpya, ufunge wiki mbili. Moshi utarudi mbele. Ila utakuwa moshi mpya juu ya jani la zamani, na kwa kawaida mpya hushinda. Fanya kwa sehemu ndogo, isiwe kwa mkebe mzima.

Tumbaku iliyobaki iweke kwenye chupa ya kioo yenye mpira wa kuzibia, ndogo kadiri tumbaku inavyoijaza, mahali penye giza na baridi ya wastani. Friji na friza hazihitajiki. Mwezi wa kwanza angalia kwa lenzi kila wiki, kwa sababu ukungu ukitaka kuja utakuja baada ya kurudisha unyevu.

Limebaki la kichwa kuzunguka. Nikotini haipungui kwa kuzeeka kama harufu inavyopungua, na Nightcap ni kali tangu mwanzo; umevuta tumbaku kavu, kwa haraka, pengine tumbo likiwa tupu. Ikitokea tena, weka kiko chini, kaa penye hewa, kunywa maji. Ukitapika mfululizo, moyo ukienda mbio usitulie, au ukizimia, nenda hospitali. Wala upole wa tumbaku iliyokomaa usikuhadae kuwa madhara yake yamepungua: moshi wa kiko, hata usiomezwa, husababisha saratani ya mdomo, midomo na koo. Kuungua ulimi kwa kawaida hupona ndani ya siku chache. Kidonda, doa jeupe au jekundu, au uvimbe mdomoni unaodumu zaidi ya wiki mbili mwonyeshe daktari au mganga wa meno kwa macho yake, usisubiri ushauri wa maandishi. Chupa nayo ikae juu, mbali na watoto. Mtoto akila hata kiasi kidogo cha tumbaku hii, nayo inanukia zabibu, apelekwe hospitali mara moja.

Kuhusu chembe, kama lenzi na tone la maji havikukupa jibu la wazi, mpelekee chache kwenye chombo kilichofungwa mtu mwenye hadubini, maabara ya chuo au ya mimea. Picha ya simu haitoshi. Kwenye picha, sukari na ukungu hufanana.